Mizani Isiyopimwa

Wiki iliyopita, huko Kisian, nilimshuhudia mama mmoja akizuia upimaji rasmi wa maziwa ya mbuzi wake. Mbuzi akifikisha kiwango, watoto wake hununuliwa na wafugaji kama mbegu bora. Asipofikisha, huishia buchani.

Jioni iliyotangulia, afisa wa mifugo alikuwa ameamuru mbuzi akamuliwe hadi tone la mwisho, ili pasiwe na maziwa yaliyolimbikizwa kwa udanganyifu. Mama alitii. Asubuhi, afisa alipotundika mizani yake kwenye boriti ya banda, mama aliishika ndoo ya kukamulia, ikiwa bado tupu, asiiachilie.

"Jana ulinishuku mimi, nikanyamaza. Leo mimi nashuku mizani."

"Mama, hii ni mizani ya serikali!"

"Na mbuzi ni wa nani? Wa mwizi?"

Akaleta pakiti ya sukari ya kilo mbili, haijafunguliwa, akaitundika kwenye ndoano ya mizani. Mshale ulisimama kabla ya kufika mbili.

"Labda duka limekupunja," afisa alisema.

"Labda. Basi leta kitu chako, tupime."

Hakuwa nacho.

Kisheria, pakiti moja ya sukari haithibitishi kwamba mizani ni mbovu. Lakini mwenye kushuku wengine hana budi kuthibitisha kipimo chake, na neno "serikali" halina uzito wowote kwenye ndoano. Afisa alipotishia kuandika kwamba mbuzi ameshindwa, mama aliipindua ndoo, akaikalia.

"Andika, Bwana. Lakini andika pia kwamba hukukamua."