Ncha ya Kalamu ya Mzee Swali

Safari yangu ya mji wa Koboko ya miaka ile inanijia mara nyingi, mwanangu, na kila inaponijia nabaki vilevile, sijui nicheke au nilie. Ngoja nikusimulie, labda wewe utaielewa kuliko mimi.

Tulikuwa tumerudi Uganda kutoka uhamishoni Zaire, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua. Ugonjwa wangu ulikuwa kukusanya kalamu za wino za zamani. Usinicheke. Wenzangu walinunua vitenge, mimi nilinunua kalamu. Watu waliorudi kutoka Sudan na Zaire walikuwa nazo, kalamu za makarani na maofisa wa zamani, zenye ncha za dhahabu, na hakuna aliyezitaka tena kwa kuwa za plastiki zilikuwa zimejaa sokoni. Nilizisafisha kwa maji ya vuguvugu. Zile ambazo vifuko vyake vya wino vilikuwa vimeoza nilizitia mpira wa valvu ya baiskeli. Nikawa fundi, au nilijiona fundi, jambo ambalo ni hatari zaidi.

Koboko alikuwako Mzee Swali, aliyewahi kuwa karani jeshini na sasa akifundisha watoto Kurani. Nilisikia ana kalamu ya kijani, aina ambayo sikuwahi kuiona. Nikapanda lori, nikaenda. Kuiuza alikataa, lakini alinipa niitengeneze.

"Hii iko navuja, mwalimu," aliniambia. "Watu nasema wewe iko fundi. Tengeneza, rudisha upesi. Iko na kazi."

Sikuuliza kazi gani. Macho yangu yote yalikuwa kwenye kalamu.

Nyumbani nilibadilisha mpira, ikaacha kuvuja. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini niliona ncha imekaa mshazari, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nikasema moyoni, maskini mzee, ameandika na kitu kibovu miaka yote hii. Nikachukua jiwe laini la kunolea, nikaisaga taratibu kwa siku mbili mpaka ikawa duara na kuteleza kwenye karatasi bila kukwaruza. Nilijisifu peke yangu, bila aibu.

Niliporudi nayo, Mzee Swali alifungua kitambaa cheupe, akatoa rundo la karatasi. Alikuwa akinakili Kurani kwa mkono tangu kambi ya wakimbizi kule Sudan, maana msahafu wa baba yake uliteketea nyumba yao ilipochomwa. Herufi zilikuwa nene hapa, nyembamba pale, nzuri ajabu. Zilibaki karatasi chache tu amalize. Akaandika neno moja. Likatoka jembamba lote. Akakandamiza, wino ukamwagika.

"Mwalimu, ulifanya nini hapa?"

"Nilinyoosha ncha, mzee. Ilikuwa imeharibika."

"Haikuharibika. Mimi nilikata hivyo, sababu ya Kiarabu." Akaigeuza ncha kwenye mwanga. "Mkono yangu iko zee sasa. Ile ncha ndiyo ilikuwa nasaidia."

Nilingoja anifokee. Nilistahili. Badala yake alimwita mkewe, Mama Zubeda, alete chai, kisha akasema maneno yanayonizungusha kichwa mpaka leo.

"Samahani, mwalimu. Mimi ndiyo sikuambia wewe." Akaifunga kalamu, akaniwekea mkononi. "Chukua. Wewe ndiye napenda hii."

Na mimi nikachukua! Nilikunywa chai yake na nikachukua kalamu yake. Ndani ya lori nilikuwa na furaha na aibu pamoja, hata sikujua ipi ilikuwa kubwa. Alikuwa amenisamehe? Alikuwa amekasirika, akanipa ili nisirudi tena? Niliitoa, nikaitazama, nikaificha, nikaitoa tena, mpaka abiria wa kando yangu akaniuliza kama naumwa.

Mwezi mzima ulipita. Mwishowe nikaenda nayo Koboko, anielekeze niikate mshazari kama alivyotaka. Mama Zubeda ndiye aliyenipokea. Mzee alikuwa amezikwa wiki moja kabla. Alinionyesha zile karatasi. Mzee alijaribu kumalizia kwa kalamu ya tete aliyoichonga mwenyewe, mistari mitatu, yote imepinda. Baada ya hapo zilikuwa karatasi sita tupu.

"Alisema nini juu yangu?" nilimwuliza.

"Alisema wewe iko na mkono muzuri."

Mwanangu, nimelifikiria jibu hilo mpaka nimezeeka. Sijui kama lilikuwa sifa, au lawama, au huruma ya mtu aliyekuwa amechoka. Nilililia njia nzima.

Basi sikia. Kitu cha mtu kikionekana kwako kimepinda, usikiguse kabla hujamwuliza anakifanyia kazi gani. Na ukimharibia, usibebe msamaha wake haraka ukakimbia nao. Keti naye, uliza kazi imesimama wapi, na kama kuna la kurekebisha, lirekebishe siku hiyohiyo. Mimi nilipaswa kurudi kesho yake.

Mungu akujalie mikono ya ufundi, mwanangu, na subira ya kuuliza. Na siku utakapokosa, maana utakosa, akufikishe mlangoni kwa uliyemkosea angali hai.