Karani na Mvinyo Wake Mkavu

Niliwahi kuchumbiwa na mwanamume aliyejua kunywa mvinyo. Nasema aliyejua kwa sababu ndivyo alivyojieleza mwenyewe kwa kila aliyekutana naye kati ya Bagamoyo na Kerege, hata kwa watu ambao hawakuwa wamemwuliza chochote. Vita ya pili ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma. Nilikuwa mwalimu wa wasichana wa madarasa ya chini katika shule ya misheni, nikiishi kwa wazazi wangu mtaa wa Dunda, Bagamoyo. Baba alikuwa seremala wa misheni, na kwa macho yake mchumba yule alikuwa bahati iliyotuangukia.

Alikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge upande wa Kerege. Fundi mkuu wa mitambo pale shambani alikuwa Mtaliano, mmoja wa wale walioletwa Tanganyika wakiwa mateka, na vita ilipokwisha hakurudi kwao. Mtaliano huyo aliletewa mvinyo mweupe wa nchini kwao kutoka bandarini Dar es Salaam, na kila mchana aliunywa na chakula kama sisi tunavyokunywa maji. Siku moja karani alimpelekea funguo za ghala akamkuta mezani peke yake. Mtaliano akamwambia aketi, akammiminia. Mlo huo mmoja ulimtosha. Alikaa pale mezani Mluguru, akainuka Mtaliano.

Tangu hapo akawa hashiki bilauri kama watu. Aliishika kwa ncha za vidole, hata ikiwa na togwa ndani. Enzi zile mtu mweusi hakununua pombe ya kizungu hivi hivi, ilitakiwa kibali cha serikali. Yeye alikipata, sijui kwa kujipendekeza kwa nani, akawa anatembea nacho katika mfuko wa shati ili kichungulie kidogo. Ukimsalimia tu, mkono wake ulikwenda mfukoni. Nimewahi kumwona akimwonyesha kibali kile muuza mihogo.

Mara ya kwanza kuonja mvinyo wake nilikwenda na shangazi, dada yake baba, maana msichana hakwenda peke yake nyumbani kwa mchumba. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Karani alitukaribisha barazani, akatuwekea bilauri tatu juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, kisha akaitoa chupa ndani ya ndoo ya maji ya kisima, akaipangusa kwa upole ambao sikuwahi kumwona akiutumia kwa mtu.

Mvinyo mimi niliujua kwa harufu tu. Nilipokuwa msichana mdogo nilifua vitambaa vya altare, na matone yaliyoshika kwenye kitani yalinukia utamu wa zabibu zilizolowekwa. Sisi waumini hatukuunywa, ulikuwa wa padri. Basi nilitegemea kitu kitamu.

"Huu ni mkavu," alisema karani, akiinua bilauri kwenye mwanga.

Shangazi akachungulia ya kwake. "Mkavu vipi, na unamwagika?"

Karani alicheka kwa pua. "Mkavu maana yake hauna sukari, shangazi. Wenyewe wanasema seko."

"Basi si ungesema hauna sukari."

Alijifanya hakusikia. Akatufundisha kuuzungusha, akatufundisha kuingiza pua ndani ya bilauri, akatuzuia kumeza. Shangazi alikwisha meza zamani. Mimi nilifuata nilivyoelekezwa, na nasema kweli, mvinyo ule ulinishangaza. Rangi yake ilikuwa kama majani makavu ya mpunga yakipigwa na jua. Ulipoingia mdomoni ulikuja kwanza ukali wa ndimu, ule wa ganda, si wa maji yake. Nyuma yake kikafuata kitu kama embe bichi lililochovywa chumvi. Mwishoni ulimi ukakauka kidogo, kama unapouma bibo la mkorosho ambalo halijaiva sawasawa, halafu mate yakajaa tena nikatamani funda la pili. Hapo nikaelewa kwa nini unaitwa mkavu.

"Haya," akaniambia, "unasikia ladha gani?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akatikisa kichwa tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

"Sivyo. Hakuna ndimu wala mabibo. Huo una ladha ya tufaha na peasi."

"Mapera?" aliuliza shangazi.

"Si mapera! Peasi. Ni tunda la Ulaya."

"Wewe umewahi kulila?"

"Bwana mwenyewe ndiye aliyeniambia."

"Sijamwuliza bwana. Nimekuuliza wewe."

Karani akaweka bilauri mezani polepole. "Shangazi, si lazima mtu awe amelila. Lazima alijue."

Shangazi alicheka njia nzima ya kurudi. Kila tulipokutana na mti wenye matunda alinigeukia akaniuliza kama ule ni mpeasi. Nami nilicheka, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikiolewa. Nilijiambia kwamba mwanamume akishapata watoto na kazi za nyumbani mambo kama hayo humtoka yenyewe, na kwamba baba amefurahi, na kwamba wasichana wenzangu wameolewa na wenye kasoro kubwa zaidi. Hata hivyo, kila nilipolikumbuka lile "sivyo" lake nilijisikia kukunja uso. Mdomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa wangu, na mtu asiyejua peasi likoje alikuwa amenikatalia kilichokuwa kinywani mwangu.

Ikafika siku ya kuja nyumbani kwetu na wazee wake kumaliza maneno ya posa. Mama alimwita kaka yake kutoka Saadani. Mama alibatizwa alipoolewa na baba, lakini ndugu zake wote ni Waislamu, na mjomba huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Bila yeye hakuna neno la binti ambalo lingekwisha. Alifika asubuhi na kikapu cha kamba wakubwa aliowapata kwa wavuvi wenzake, akiwa na kanzu safi na kofia iliyofuliwa ikakauka vizuri. Mama alikuwa ameamka alfajiri kukuna nazi. Alipika nguru wa nazi, wali, na wale kamba akawakaanga kwa kitunguu saumu na ndimu.

Karani alikuja na baba yake mdogo, mzee mnyamavu mwenye koti la kuazima, na chupa mbili zilizofungwa kwenye gunia lenye maji. Alimwamkia baba shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha, kabla hata hatujawakaribisha chakula, akaziangalia bilauri zetu za chai akauliza kama hatuna zenye miguu.

"Hatuna, mwanangu," alisema mama.

"Haidhuru," alijibu, kama mtu anayesamehe.

Chakula kiliposogezwa akafunua bakuli la nguru, akavuta harufu, akalifunika tena. Sikusikia alichomnong'oneza mama. Nilimwona mama akilichukua bakuli akaenda nalo jikoni, na alipokawia nikamfuata.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya beseni. Alikuwa akiteka maji mtungini kwa kata na kuyamimina juu ya vipande vya samaki, kimoja baada ya kingine, na mchuzi wake wa nazi ulikuwa ukitiririka mweupe ndani ya beseni.

"Mama, unafanya nini?"

"Mgeni hataki nazi. Anasema inaua ladha ya kinywaji chake."

"Akakuambia umwoshee samaki?"

"Alisema kwa adabu," alijibu mama bila kuniangalia. "Si kitu. Ni samaki tu."

Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa mbuzi ya kukunia nazi. Nilimnyang'anya kata. Kwenye chungu kulikuwa kumebaki mchuzi na vipande kadhaa, nikavipakua katika sahani, nikarudi nayo ukumbini. Sikuwa nimeamua nitasema nini.

Karani alikuwa amesimama akihutubia. Alikwisha mmiminia baba, akammiminia baba yake mdogo, na sasa alikuwa mbele ya mjomba. Mjomba alikuwa ameifunika bilauri yake kwa kiganja.

"Nashukuru, mwanangu. Mimi chai inanitosha."

"Mjomba, hii si pombe kama pombe za hapa. Ni maji ya zabibu tu. Watu waliostaarabika wanakunywa pamoja na chakula."

"Kunyweni, mwanangu. Mimi sinywi."

"Kuonja tu. Mtu hawezi kukataa kitu asichokijua."

Akainamisha chupa. Nadhani aliamini kwamba mjomba angeondoa mkono. Mjomba hakuuondoa. Mvinyo ukamwagikia mgongo wa kiganja, ukapita kati ya vidole, ukadondoka kwenye kanzu. Mjomba aliinuka, akasema "Samahanini," akatoka uani kunawa. Tulisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu.

Karani alikuwa anatabasamu. Hilo silisahau. Alitugeukia akainua mabega, kana kwamba tuliona naye shida anayoipata na watu wa aina ile.

Nilikaa kwenye nafasi ya mjomba. Nikachukua bilauri ya baba, nikanywa funda moja na kamba aliyekaangwa. Nikanywa la pili na kipande cha nguru chenye mchuzi. Wote walikuwa wakinitazama, na karani akafurahi akidhani nimekuja kumwokoa.

"Haya," alisema, "waeleze unasikia nini."

"Nasikia mvinyo mzuri," nilimwambia. "Umekaa vizuri na kamba wa mjomba. Na mchuzi wa nazi wa mama, ambao umemfanya auoshe, umekaa nao vizuri zaidi. Kisichokaa vizuri mezani hapa ni wewe peke yako. Sitaolewa nawe."

"Binti, nyamaza!" alisema baba.

"Nitanyamaza, baba. Lakini siolewi."

Karani alimgeukia baba, uso umemwiva. "Mnaona? Ndiyo maana nilitaka kumfundisha mapema."

Hapo ndipo yule mzee mnyamavu aliposema kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alilivuta koti lake, akasimama. "Inuka twende. Umeoshesha samaki wa watu na umemwagia mzee pombe. Unangoja nini tena?" Akatoka uani, akamshika mjomba mkono uleule, akamwomba radhi. Karani alimfuata kichwa juu. Chupa ya pili aliichukua. Ya kwanza, iliyokwisha funguliwa, aliiacha, labda kwa sababu isingebebeka bila kumwagika.

Baba hakusema nami mchana ule wote. Jua lilipopungua aliketi barazani na bilauri yake ya chai, akajimiminia kilichobaki, akaonja, akalitazama lile tone la mwisho.

"Una ukali wa ndimu," alisema.

"Ndivyo nilivyomwambia, baba."

"Akasemaje?"

"Akasema ni peasi."

Baba alifikiri kidogo. "Ndiyo nini hiyo?"

Sikuweza kujizuia kucheka, naye akacheka bila kutaka, na huo ndio uliokuwa mwisho wa hasira yake. Mama alikawia zaidi. Wanawake wa mtaa walimfuata kisimani kumwuliza kama ni kweli bintiye amekataa karani kwa sababu ya samaki, naye hakupenda kusemwa. Kwa wiki kadhaa alinijibu kwa mkato. Hata hivyo hakuwahi kuniambia nilikosea.

Mjomba nilimwendea Saadani wakati wa likizo, nikiwa na kanzu mpya niliyomshonea. Aliipokea, akaipima mabegani, akaniambia mishono yangu imepinda upande mmoja. Kuhusu karani alisema jambo moja tu: "Yule ana njaa, mwanangu, na si ya chakula." Kisha akaniuliza habari za shule.

Mimi niliolewa baadaye na mwalimu mwenzangu, mtu wa bara, asiyekunywa kitu zaidi ya chai ya maziwa, ambaye akila kwa mama yangu hukomba bakuli. Mvinyo ule wa Kitaliano nimekunywa mara chache tangu hapo, kwenye sherehe za mapadri, na kila mara umenipendeza. Sikuona sababu ya kuuchukia kwa ajili ya mtu mmoja.

Yeye alihamia Dar es Salaam baada ya Mtaliano wake kuondoka nchini. Tulikutana tena mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika arusi ya jamaa wa mume wangu. Alikuwa amenenepa, ana tai, na amezungukwa na vijana wa ofisini. Mvinyo alikwisha uacha. Sasa alijua wiski. Aliwaambia vijana wale kwamba ile waliyokuwa wakinywa ina moshi wa udongo wa nchi fulani ya baridi, nao waliitikia kwa vichwa kwa heshima.

Aliponiona alinisalimu kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswahili, nikamwuliza hali ya watoto. Akaniambia wote wanasoma. Nikamwambia vizuri, Mungu awakuze. Alitaka kunieleza habari za moshi ule, lakini pilau lilikuwa linapakuliwa upande wa wanawake, nikaenda kula.