Hedifoni Shingoni mwa Bibi

Kila ninapohamia chumba kipya, kabla ya kufungua mizigo, napiga kofi moja na kusikiliza. Chumba cha mawe hulirudisha kofi upesi. Cha makuti hulimeza. Tabia hii niliipata Malindi, miaka ya themanini, dukani kwa mjomba wangu aliyekuwa akirikodi harusi na maulidi. Nilikuwa msichana niliyemaliza kidato cha nne, sina kazi, na kukaa nyumbani kulinishinda.

Siku hizo jamaa zetu waliokuwa Uarabuni hawakuandika sana. Walizungumza kwenye kanda wakampa yeyote anayekuja huku. Ikafika kanda ya mama mdogo, dada yake mjomba, kutoka Maskati. Binti yake, aliyelelewa na Bibi, alikuwa anaolewa, na mama mdogo alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, hawezi kusafiri.

"Picha sitaki," alisema, sauti yake ikikwaruza kwenye spika. "Nataka nimsikie mama akimtolea mwanangu vugo. Mama ni mzima leo. Harusi nyingine sina."

Vugo hupigwa kwa pembe za nyati na vijiti. Mmoja hutoa wimbo, wengine huitikia, na kwetu mtoaji alikuwa Bibi. Lakini zile nyimbo za uani, za kumfunza mwari, si za masikio ya wanaume. Pembe zilisikika hadi barabarani. Maneno hayakuvuka ukuta.

"Na wewe usilete sikio lako," Bibi alimwambia mjomba.

"Mama, mashine haijiendeshi."

"Mfunze huyu. Kutwa yumo dukani kwako anakuchosha kwa maswali."

Nikafunzwa. Mjomba aliweka redio kaseti mezani, akanionyesha kidirisha chenye mshale. "Ukipanda kidogo, sawa. Ukiganda kwenye wekundu, sauti imechanika, na hiyo haishoneki." Akagonga karai kwa kijiko, mshale ukaruka. Akanong'ona, ukalala. Nilishangaa kuona kwamba mlio una kimo, na kwamba hata chumba kitupu kina mvumo wake, ambao mjomba alinifanya niurikodi kwanza ili niujue.

Siku moja nilikosea, nikachomeka hedifoni kwenye tundu la maikrofoni. Niliporudisha kanda nilijisikia nikiimba, kwa mbali, kama niko ndani ya mtungi.

"Mjomba! Hedifoni imesikia!"

Akacheka. "Ndani mna kingozi kinachotikisika. Umeme ukikitikisa, kinasema. Ukikitikisa wewe kwa sauti, kinasikia. Ni mashine ya dharura hiyo, lakini."

Alasiri ya harusi niliisimamisha maikrofoni katikati ya ua, juu ya mpini wa ufagio, nikaivisha leso nyeupe kuzuia upepo. Wanawake walinikejeli.

"Huyu mwembamba naye kaalikwa?"

"Mpeni kahawa, katoka mbali!"

Likapigwa pigo la kwanza la pembe, mshale ukaruka, nikaupunguza. Kila kitu sawa. Ndipo akaja mwenye mrashi, mama mmoja jirani, akiwarashia wageni marashi ya mawaridi mmoja mmoja kama desturi. Alipofika kwenye maikrofoni hakuiruka. Ilikuwa imevaa leso, imesimama mbele ya watu. Angemwachaje mgeni mkavu? Akairashia mara tatu, kwa heshima kabisa.

Hedifoni ikalia masikioni mwangu kama samaki anayekaangwa kwenye mafuta. Kisha kimya. Mshale ukalala chali.

"Bibi, ngoja!" nikapiga kelele.

"Kuna nini? Pembe zinapoa."

"Mgeni amekufa."

Walicheka wote isipokuwa Bibi. Alinitazama, na nikajua anafikiria Maskati. Nikavua hedifoni kichwani, nikaichomeka kwenye tundu la maikrofoni, nikamvisha shingoni, chini ya leso yake.

"Nikuambie nini nayo hii?" akauliza.

"Imba tu, Bibi. Inasikia."

Akaimba. Mimi sasa sikuwa na cha kusikilizia. Nilipiga magoti kando yake, nikimfuata hadi waya ulipokomea, macho kwenye mshale. Ulikuwa unacheza, lakini ulicheza kwa lipi? Kwa pembe, kwa leso kusugua, au kwa Bibi? Mpaka mwari anaingizwa ndani sikujua nimepata nini.

Kesho yake nilisikiliza dukani peke yangu. Sauti ilikuwa nyembamba, pembe ziko mbali kama nyumba ya tatu. Bibi yuko karibu mno. Pumzi yake imo. Tambuu inatafunwa. Waitikiaji karibu hawasikiki kabisa. Leso iliwafungia nje.

Mjomba alitaka tubakize nakala kabla ya kuituma. Alizima spika, akanakili kwa kutazama mishale miwili tu, kanda mwanzo hadi mwisho, bila kusikia neno. "Mama kaimba vizuri," akasema. "Naona."

Jibu la mama mdogo lilichelewa. Alikwisha kujifungua lilipofika. Hakuanza kwa salamu. Kanda yake ilianza kwa sauti ya Bibi, kanda yetu ikichezwa kule chumbani kwake, mtoto mchanga akilia nyuma. Bibi anatoa. Pale palipokuwa patupu, mama mdogo anaitikia, kwanza polepole, kisha kwa kifua chote, wimbo mzima.

Mjomba alikuwa ametoka nje tangu ubeti wa kwanza. Bibi aliinamia spika, vidole vyake vikigonga meza kama vijiti kwenye pembe.

"Bado anachelewa kuingia," akasema. "Tangu mdogo."

Kanda ikafika mwisho.

"Rudisha," akasema. "Huenda safari hii nikamngojea."