Kinanda Kisichozimwa

Mimi ni fundi mwoga, na sioni haya kusema. Mafundi wenzangu wa Kitale walinicheka kwa sababu kabla ya kufungua hata redio ndogo mimi huchomoa waya ukutani, nikauweka mezani ninapouona, ndipo nishike bisibisi. Wacheke tu. Vidole vyangu bado ni kumi.

Basi fikiria nilivyoingiwa na baridi siku mwalimu wa kwaya kutoka Bungoma aliposimamisha pikapu mbele ya kibanda changu. Hakushuka kutoka kiti cha mbele. Aliteremka kutoka nyuma, kwenye mizigo, na hata salamu hakutoa.

"Dada, usizime. Chochote utafanya, usizime."

Kinanda kilikuwa kimelazwa juu ya godoro, taa zake zinawaka. Kando yake betri ya gari, na inveta ya kuigeuza nguvu ya betri iwe stima. Kilikuwa kimetoka Bungoma kikiwa hai, kikapita Chwele na Kimilili na mashimo yote ya katikati, mwalimu amekikumbatia njia nzima. Shati lake lilikuwa jekundu kwa vumbi.

Aina ile ya kinanda niliifahamu. Unakiimbia kwenye maikrofoni, kinanasa sauti yako, halafu unaipiga kwa vidole kama sauti nyingine yoyote. Vinanda hivyo vilikuwa vya zamani hata wakati ule, na ubaya wao ni mmoja: vilichonasa hukaa kwenye kumbukumbu maadamu stima ipo. Ukizima, kimesahau. Ndiyo maana vina mdomo wa kumeza diski, uhifadhi leo, ukisomeshe tena kesho.

Ndani ya hiki alikuwamo mkewe. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yao, na alikuwa amefariki miezi saba kabla ya siku ile. Kabla hajaugua, mwalimu alimnasa akianza wimbo waliokuwa wakijifunza, akamweka kwenye diski. Wiki ya mazishi aliisomesha ile diski, ikasoma. Siku chache baadaye akaitoa, akakuta imeota ukungu. Miezi ikapita ndipo akapata diski mpya, kinanda kikazikataa zote. Tangu ukungu ule hakukizima tena. Kinanda kilikula kwa betri, betri ikachajiwa kwa stima, na mwalimu akalala sebuleni kukilinda.

"Bonyeza hapa usikie," akaniambia.

Nikabonyeza. Sauti ya mwanamke ikatoka, nyembamba, safi, karibu kabisa: "Tumefika mlangoni, utufu—"

Kimya. Ilikatika katikati ya neno. Siku ile ya kumnasa, sauti za ngoma na tarumbeta zilizonaswa mwanzo zilikuwa zimeshajaza kumbukumbu, nafasi iliyobaki ikaisha mama wa watu angali anaimba.

"Ndiyo nimekuja," mwalimu akasema. "Niliskia wewe unaweza ongeza memori. Ongeza, dada. Hiyo ingine nayo itoke."

Nilimwelewa papo hapo. Aliamini wimbo wote umo, umebanwa mle ndani kwa kukosa nafasi, kwamba nikiupanulia nafasi utatoka wote. Haumo. Kinanda hakikunasa kile ambacho hakikuwa na mahali pa kukiweka. Hapo ndipo ningemwambia. Lakini nilimwangalia uso, nikaogopa, nikasema, "Tuone kwanza, mwalimu." Nimejuta maneno hayo mara nyingi.

Kuongeza kumbukumbu ni lazima uzime. Kuzima bila kumpoteza mama ni lazima kwanza umhifadhi kwenye diski. Na ili diski ikubali, ilinipasa kufungua kinanda kikiwa kinawaka, mimi ninayeogopa hata redio. Nilifunga mkono wa kushoto mgongoni kwa leso yangu, usije ukapotea njia ukagusa nisipotaka, nikafungua kwa mmoja. Mwalimu alishika tochi. Bisibisi ikianguka mle ndani, kazi imekwisha, na mama amekwenda mara ya pili. Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

Nilipofikia kile kichwa kinachosoma diski, nikakuta kimelowa. Pamba ilitoka imejaa uchafu mweusi, mzito. Nikainusa.

"Mwalimu, hii ni mafuta."

Akainamisha tochi.

"Ni ya maombi," akasema polepole. "Si unajua kwetu kitu ya kanisa lazima ipakwe. Mimi nilikuwa naweka tone moja hapo kwa mdomo yake. Kila Jumapili. Ndio asipotee."

Kila Jumapili, miezi saba. Mafuta yalikusanya vumbi, vumbi likaziba kichwa. Nilitaka kumgombeza, mdomo ninao, waulize majirani. Lakini alikuwa ameshajigombeza. Nilimwona akifuta vidole kwenye suruali, akifuta tena, na havikuwa na kitu. Nikamwambia mafuta husafishika kwa spiriti, na nikasafisha.

Diski ya kwanza ilikubaliwa. Nikabonyeza kuhifadhi, kinanda kikaanza kuguruma taratibu. Nyuma ya kibanda changu kulikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na kinu kile kikiwashwa taa za mtaa mzima huinama. Siku hiyo hazikuinama. Zilizimika. Chaja niliyoiunganisha kwenye betri ikafa, betri ikabaki peke yake, nayo ilikuwa imechoshwa na safari. Inveta ikaanza kulia, ule mlio wake wa kukuambia umebakiwa na dakika chache.

"Inasema nini?" mwalimu akauliza.

"Inasema tungoje."

Uongo mwingine. Nilijua kikizimika diski ikiandikwa, tumeharibu vyote viwili. Mwalimu aliweka viganja viwili juu ya betri kana kwamba ataipasha moto. Mimi nilikuwa nasali kwa sauti, na sikujua mpaka aliponiitikia amina.

Kuguruma kukaisha. Imehifadhi. Stima ikarudi inveta bado inalia, nikahifadhi diski ya pili, halafu nikakaa sakafuni.

Lakini diski kuandikwa si diski kusomeka. Kumbukumbu ilikuwa imejaa, hakukuwa na mahali pa kuijaribia. Njia ya kuhakikisha ilikuwa moja tu: kuzima, kuwasha, kuona.

"Zima wewe," mwalimu akasema. "Mimi siwezi." Akavua kofia.

Nikazima. Taa zikafa zote kwa pamoja, na feni ndogo ya ndani ambayo sikujua naisikia ikanyamaza. Mwalimu alifumba macho. Kadi za kumbukumbu nilikuwa nimezitoa kwenye kompyuta kuukuu za saiba moja, duka la intaneti pale mjini. Nikazipachika, mkono wa kushoto sasa umefunguliwa. Nikafunga kifuniko. Nikawasha. Nikalisha diski. Ikakwaruza, ikatulia, ikakwaruza tena, kwa muda ambao sitaki kuurudia maishani.

Nikabonyeza.

"Tumefika mlangoni, utufu—"

Nilipiga kelele. Nilirukaruka kama mtoto, jirani wa kinu akaja kuchungulia. Mwalimu hakuruka. Alikuwa ameinamisha sikio, ametega, anangojea. Akabonyeza mwenyewe. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Dada, imekatika palepale."

Furaha yote ikaniishia mwilini. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa maneno mengi mno, habari za nafasi na kujaa, mpaka nikamaliza kwa yale machache yaliyotakiwa tangu asubuhi: "Hakuna zaidi, mwalimu. Hayo mengine hayakuingia."

Akagusa kifuniko nilichokifunga.

"Sasa hiyo uliongeza iko na nini?"

"Haina kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni tupu."

Akaitikia kwa kichwa. Nilingoja hasira, nilistahili. Yeye akabonyeza kwa mara nyingine, sauti ya mkewe ikaja ikakatika mahali pake, na kabla kimya hakijatua mwalimu akaipokea: "—ngulie, Baba, jua limechwa, tumechoka kusimama." Aliimba kwenye sauti ile ile ya kwanza, ya kike, ambayo koo la mwanamume haliifikii, ikampasuka, naye hakuishusha. Akaimba ubeti mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya kifuniko, nakaza skrubu ambazo nilikuwa nimeshazikaza.