Nikikimbia Mikono Mitupu, Wanauliza Nani Amekufa

Mhariri, jina langu libaki kwako, haya mengine wape wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto wanne, na kazi yangu ni kushona nguo hapa Kitale. Kwa mume wangu ni Kabuchai, Bungoma. Naandika nikiwa nimesimama, maana siku hizi nikikaa mguu unatikisika wenyewe.

Mwili wangu ni mkubwa. Kwetu mwanamke akinenepa sifa ni ya mume, kwa hivyo hakuna aliyeniambia kitu, lakini aibu nilikuwa nayo. Niliwapima wateja viuno kutwa, na utepe huohuo sikuwahi kuuzungusha kwangu. Nguo zangu nilizikata kwa kukisia. Halafu presha ikanishika nikiwa kwenye cherehani, na daktari akasema, "Mama, punguza kilo. Tembea, kimbia, fanya mazoezi." Kwake ilikuwa rahisi kusema, yeye mwenyewe ni mwembamba.

Nilianza asubuhi na mapema, kwenye ile barabara ya mashamba ya mahindi nje ya mji. Nilijifunga leso mbili na juu nikavaa sweta ya mume wangu, ili chochote kinachotikisika kisionekane. Vijana wanariadha walinipita nikaona nyayo zao tu. Mara mwenye baiskeli akafunga breki kando yangu.

"Mama, pole sana. Panda nikufikishe."

"Pole ya nini?"

"Si umefiwa? Ama ni mtoto amepelekwa hospitali?"

Nilipomwambia nafanya mazoezi, aliniangalia kutoka juu hadi chini. "Ati mazoezi? Wewe?" Akaenda zake akicheka. Hiyo "wewe" ilinikaa kifuani, nikashinda siku nyingi sitoki.

Ndipo nikapata ujanja. Nikachukua jerikeni tupu. Mama mwenye jerikeni akikimbia, watu wanajua maji yanakaribia kukatika kwenye mfereji, hakuna anayemuuliza. Nilikimbia nayo miezi mingi. Iligonga paja langu mpaka pakawa na alama, lakini ilinifunika kuliko zile leso. Nikaanza kupungua. Hapo majirani wakapata lingine, kwa sababu siku hizi mtu akikonda wanajua ugonjwa mmoja tu. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akakipeleka kwa fundi mwingine. Mume wangu peke yake ndiye aliyesema nimependeza.

Siku moja nikiwa peke yangu nikauzungusha utepe kiunoni mwangu. Nililia, halafu nikacheka. Kiuno kilikuwa bado kikubwa, lakini kilikuwa changu na nilikuwa nimekitazama. Nikashona suruali ya mazoezi yenye mstari mweupe pembeni, nikajiambia jerikeni basi.

Desemba tukaenda nyumbani Kabuchai. Mama mkwe alikuwa na kikohozi kibaya na kijiji kizima kilijua. Asubuhi niliiacha jerikeni yao mlangoni, nikakamata njia ya katikati ya miwa, mikono mitupu. Sijawahi kukimbia vizuri hivyo. Wanawake waliokuwa shambani niliwapungia mkono nikapita. Sikujua nyuma yangu wametupa majembe.

Niliporudi, boma limejaa. Akina mama wameweka mikono kichwani wanapiga nduru, na mzee mmoja tayari anaonyesha viti vipangwe wapi. Mlango ukafunguka, mama mkwe akatoka na kikombe chake cha uji.

"Mnamlilia nani?" akauliza.

Jirani mmoja akanyoosha kidole kwangu. "Mayi, mama yetu, si tumeona huyu mke wa kijana wako akikimbia bila kitu kwa mkono. Tukajua umetuacha."

Wote wakanigeukia, nimelowa jasho, nimevaa suruali mbele ya baba mkwe. Yeye aligeuza uso akaangalia ukuta. Ningepata shimo ningeingia.

Wasomaji, kwetu mtu kuliliwa akiwa hai ni mkosi. Kondoo alichinjwa kuuondoa. Lakini mama mkwe hajanisamehe, na maneno yake yalinifikia hapa Kitale: "Asikanyage kwangu mpaka aache hiyo kukimbia yake. Ama akimbie akiwa amebeba kitu, kama watu."

Mume wangu anaona hapo suluhisho limepatikana. "Si ubebe tu hiyo jerikeni?" ananiambia. "Ni plastiki, bana. Haina uzito." Ndiye huyuhuyu aliyesema nimependeza. Nilikasirika. Ni kweli haina uzito. Lakini mimi najua nilichokuwa nabeba ndani yake. Nikiishika tena, nitakuwa nakubaliana na yule wa baiskeli kwamba mwili huu hauruhusiwi kuonekana barabarani bila sababu ya kuueleza.

Na huyo mama nampenda. Nilipojifungua wa kwanza, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na kunilisha kwa mkono wake. Pasaka inakaribia, na jana tumesikia kikohozi kimerudi, safari hii hainuki kitandani. Nikienda na jerikeni nitapokelewa. Nikienda mikono mitupu sijui. Na nisipokwenda, habari ya msiba ikija nitakimbia mpaka Kabuchai kweli, na hakuna atakayeinua macho, watasema ni yule wa mazoezi.

Jerikeni iko hapa mlangoni, naiona nikiandika. Nishaurini wenzangu, niibebe?