Kombeo la Mzee Kithaka na Chiriku Kipara

Ukitaka watu wa upande wa Siakago wakucheke, waambie mzee Kithaka amekosa shabaha. Tangu mwaka uliofuata uhuru, msimu kwa msimu, mzee huyo alikuwa akipanda dungu, jukwaa la kulindia shamba, katikati ya mawele yake, anaamia ndege kwa kombeo na madonge ya udongo, na ndege aliyelengwa hakurudi kusimulia. Sasa magoti yamegoma, shamba limeachiwa mahindi, na kombeo linaning'inia mlangoni.

Ndipo akaja chiriku. Kila asubuhi aliimba juu ya ua wa minyaa, na mzee, ambaye maisha yake yote aliyamaliza akiwanyamazisha ndege wa aina yake, akazoea kunywa uji akimsikiliza. Wala hakujua kama amezoea, mpaka mwezi wa saba ndege alipokuja kimya, kichwa kitupu, shingo imebaki ngozi.

"Baba, huyo ni mgonjwa," alisema Wawira, mke wa mwanawe. "Kuku wa jirani Virginia walianza hivyo hivyo kunyonyoka, na leo banda ni tupu. Anakunywa maji na kuku wangu. Muue tu."

"Anabadilisha manyoya. Nimewaona miaka yote kutoka dunguni, mavuno yakiisha."

"Na kama si hivyo?"

Kuku kumi na wanane, wote Wawira amewalea toka vifaranga. Alikuwa na haki ya kuogopa. Basi mzee akalichukua kombeo. Chiriku alikuwa hatua kumi tu, ameduwaa ukingoni mwa sufuria ya maji. Kithaka aliiona ile ngozi ya shingo ikipigapiga, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona kwa ajili ya ndege. Akarusha. Donge likapasukia kwenye minyaa, mbali kabisa.

Wawira alimgeukia. "Macho yamezeeka, Baba."

"Yamezeeka sana."

Wawira alihamishia maji ya kuku ndani ya banda, akamwachia chiriku sufuria pale pale. Hakufa kuku hata mmoja, na kabla ya mvua ya Oktoba chiriku alikuwa amevaa upya na kurudia kelele zake.

Mvua ilipoanza, mzee alimkuta Wawira ameinama kando ya jikoni, anapanda mawele, mstari mmoja tu.

"Na haya nani atayalinda? Mimi dunguni sipandi tena."

"Haya hatuyalindi, Baba," alisema, akafukia mbegu.