Soseji za Zosima

Mtaani kwetu Antiokia, upande wa mtoni, kulipokucha ulisikia kwanza harufu ya soseji za Zosima. Alikuwa mjane wa Kishamu, mnene, mcheshi, na utumbo wa mbuzi aliujaza damu, vitunguu na bizari kama alivyofundishwa na mama yake. Waendesha magari ya farasi wa uwanja wa mbio walimjia hata kabla ya kunawa uso. Alipomwamini Kristo hakuna aliyemwambia aache. Alibatizwa asubuhi, mchana yuko jikoni.

Jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa Shelamsioni, mjane wa Kiyahudi, naye muumini. Walichota maji pamoja, wakasali pamoja, wakasengenya pamoja. Kula pamoja, hapana. Kwenye mlo wa waumini Shelamsioni alikuja na mkate na zeituni zake, akala ameipa mgongo sahani ya Zosima.

"Miaka sita hii, shoga, hata kuonja hutaki!" Zosima alilalamika.

"Nakupenda wewe. Mbuzi wako ndiye nisiyemwelewa."

Ndipo wakaja walimu kutoka Uyahudi, wakatuambia waziwazi: asiyetahiriwa hana wokovu. Wanaume wetu wakapoteza usingizi. Aliyelalamika kuliko wote ni Apelesi, mfua shaba wa miaka hamsini na mbili.

"Nimeacha miungu ya baba yangu," alisema mbele ya kibanda cha Zosima. "Nimeacha ulevi. Sasa wanataka na..."

"Wanataka na nini, kaka? Malizia."

"Wewe cheka tu. Sheria yenyewe haikugusi."

"Ndiyo maana nacheka!"

Tangu hapo, kila Apelesi alipopita, Zosima alichukua kisu akakinoa taratibu. "Karibu, kaka. Nikupunguzie foleni." Apelesi akaanza kuzungukia njia ya nyuma.

Watu wetu walitumwa Yerusalemu wakaulize wazee. Wiki zikapita. Apelesi alifunga na kuomba kwa ajili ya kanisa lote, ndivyo alivyosema mwenyewe. Hatimaye barua ikaja, tukakusanyika isomwe. Wazee hawakuamuru mtu atahiriwe. Wanaume walipiga kelele hadi mbwa wakabweka nje. Apelesi alilia, akamkumbatia hata shemeji yake ambaye hawakuwa wakisemeshana naye.

Msomaji akainua mkono. Haijaisha. Tujiepushe na haya machache: vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati.

"Hayo tu?" Apelesi akapaza sauti. "Mepesi kama unyoya!"

Kisha nyuso zikaanza kugeuka, moja baada ya nyingine, kumtazama Zosima.

"Soma tena hapo kwenye damu," Zosima akasema.

Akasomewa.

"Damu ipi?"

"Damu, dada. Damu tu."

Siku tatu hakuwasha jiko. Ya nne alimwambia Shelamsioni, nami nilikuwepo: "Wanaume wote wale wamenusurika na ngozi zao. Sheria imetoka Yerusalemu mpaka hapa kunitafuta mimi!"

Shelamsioni alijiuma mdomo asicheke. "Utafanyaje sasa?"

"Naweza kusema sikusikia vizuri."

"Umesomewa mara mbili."

Zosima akautazama utumbo mtupu uliotundikwa ukutani. "Haya basi, nifundishe. Ninyi nyama mnaitoaje damu?"

Shelamsioni akamfundisha: mnyama achinjwe damu imwagike, nyama ilowekwe, ipakwe chumvi, iachwe ichuruzike, ioshwe. Zosima akaitwanga na ngano na bizari. Waendesha magari walitafuna, wakatazamana, na nusu yao wakahamia kwa Lukani, muuza soseji za damu ng'ambo ya daraja. Huko Apelesi naye alionekana, ndevu zinang'aa mafuta. Ikafika siku akaja kwa Zosima, akainama karibu.

"Dada, zile za zamani... hata moja tu. Sitamwambia mtu."

"Kaka Apelesi, wewe uliachiwa unyoya tu, na umekushinda kuubeba?"

Jumapili iliyofuata Zosima alileta soseji zake mpya kwenye mlo wa waumini. Shelamsioni akanyoosha mkono, akachukua moja. Alitafuna muda mrefu.

"Vipi?" Zosima akauliza.

"Ngumu. Na chumvi umezidisha."

"Chumvi si yenu hiyo? Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Nilikuambia upake, sikukuambia uzike!"

Waligombana hadi sahani ikaisha, na mlaji mkubwa alikuwa Shelamsioni.

Biashara ya Zosima haikurudi ilivyokuwa. Apelesi alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akawafundisha wageni juu ya uhuru wetu, kwa ufasaha kweli. Walipomuuliza basi wale nini, aliwaelekeza kwa Zosima.